Faili la Wodi ya Wazazi

Saa nne na robo asubuhi mpima dhoruba alimaliza kumenya yai lake, akapangusa vidole, akafungua faili la zahanati ya ufukweni. Simu ikalia. Alikuwa dada yake, mkunga mkuu wa zahanati hiyo.

"Umelifungua tena?"

"Nimelifungua, dada. Maji yamefika wapi?"

"Magotini. Lifunge taratibu, mdogo wangu. Juzi ulifunga ghafla, yakaondoka na ndara za wagonjwa."

Kazi yake ilikuwa kuipa kompyuta kasi ya upepo na kimo cha bahari inayosukumwa nchi kavu, kisha kuona jengo lipi litapona. Mwaka jana, siku ya kupima zahanati, jua lilikuwa kali. Akapima sakafu kuanzia barabarani, na kimo cha barabara akakinakili kwenye ramani ya zamani, ingawa kila mtu alijua barabara ile imetitia. Alijiambia atasahihisha ofisini. Uvivu mdogo tu, kama wa kulaza sufuria bila kuisugua. Ripoti ikasema sakafu itabaki kavu, na kwa ripoti hiyo wodi ya wazazi ikateremshwa kutoka ghorofani.

Tangu hapo, kila faili lilipofunguliwa, maji ya chumvi yaliingia wodini kimya kimya na kupanda hadi mita moja na sentimita ishirini, kipimo ambacho hesabu ya kweli ingetoa. Wakunga walikwisha kuzoea kuvipandisha vitanda vya watoto juu ya meza.

Alikwenda kwa mkuu wake kukiri.

"Usilifungue, basi," mkuu alisema. "Ripoti ina sahihi yako na yangu. Maji yakimwagika hayazoleki."

"Mwambie sisi tunayazoa kwa ndoo," dada alijibu alipoambiwa.

Kusahihisha kulihitaji faili likae wazi kwa muda wa saa mbili. Walipanga Alhamisi, wodi ikiwa tupu. Alhamisi hiyo akaja mama mwenye uchungu. Iliyofuata wakaja watatu. Kila alipoahirisha, alijisikia nafuu, na nafuu hiyo ilimtia aibu kuliko kosa lenyewe. Mwishoni akaacha kulifungua kabisa. Wodi ikakauka, wakunga wakamshukuru, naye akashindwa kula siku hiyo.

Msimu wa dhoruba ulifika. Jumanne moja asubuhi simu ililia, kompyuta ikiwa bado imezimwa.

"Mdogo wangu, nina wazazi sita hapa. Funga faili."

"Sijalifungua, dada."



"Mbona ndara zinaelea?"

"Wapandishe ghorofani. Wapandishe sasa hivi."

"Ghorofani ofisi yenu ilishapafanya stoo," alisema. "Ufunguo uko kwenu, kwa mkuu wako."

Akakimbia hadi mlango wa mkuu. Ulikuwa umefungwa. Katibu alisema mkuu hakuja, kwa sababu ya upepo.