Ufafanuzi wa Ibara ya Mama

Katiba ya dola ya Mbugakuu ilikuwa njema kuliko watawala wake, ndiyo maana walihitaji wasomi. Ibara moja ilisema waziwazi: mama hatanyang'anywa mtoto wake. Mfalme Simba alikula kiapo cha kuilinda, kisha akaamuru watoto wapelekwe ikulu wakalelewe. Hakuna aliyeonekana akitoka.

Paa alikuwa wa kwanza kushtaki. Alisimama barazani, maziwa yakimchuruzika, akamdai mwanawe.

Profesa Nguchiro, bingwa wa sheria za familia, akainuka. Alikuwa mpole, hajawahi kumpandishia mtu sauti. Wasomi wa namna hii ndio ninaowaogopa.

"Mtukufu Mfalme, mama ni nani? Ni mwenye mtoto. Ndugu yetu huyu anaye?"

"Mmemchukua," Paa akasema.

"Basi hanaye. Ibara inamlinda mama, na huyu si mama. Hana haki ya kushtaki."

Fisi, Jaji Mkuu, akapangusa machozi. "Pole sana, mama," akasema, kisha akajisahihisha. "Pole, bibie."

"Sasa nifanye nini?"

"Zaa," Nguchiro akamshauri. "Urudi ukiwa mama, tutakusikiliza."

Ushauri huo ulichapishwa katika jarida la wasomi, ukasifiwa kwa huruma yake. Paa naye aliuamini, maskini. Mfa maji haachi kutapatapa. Masika yaliyofuata alirudi na kitoto ambacho miguu yake bado ilikuwa ikiyumba.

"Sasa mimi ni mama. Nirudishieni yule wa kwanza."

Nguchiro alifurahi kweli; mashauri magumu yalimburudisha. "Ni mama, nakiri. Lakini ni mama wa huyu, na huyu hajanyang'anywa. Shauri limeletwa kabla ya wakati wake."

Simba alikuwa amekwisha kushuka kitini. Haikuchukua muda. Paa alipiga yowe moja tu.

"Profesa," Fisi akauliza, akiangalia pembeni, "bado kuna shauri?"

"Hakuna, Mheshimiwa. Hapa hakuna mama."

Paa akatolewa nje. Pale mlangoni walijipanga akina mama waliozaa kwa ushauri uleule, kila mmoja na kitoto chake, wakingoja kuitwa.

"Wamekusikiliza?" wakamuuliza.

"Kimbieni," Paa akasema. "Wamemla. Na wenu wataliwa."

Swala, aliyekuwa mbele, alimtazama kwa huruma. Alikuwa amesoma lile jarida lote.

"Pole, dada. Ila shauri langu ni tofauti," akasema, akaingia na mapacha wake.