Laptop Yenye Wasifu wa Philemoni

Ijumaa asubuhi, siku moja kabla ya mdogo wake kuzikwa, Fanuel alikuwa ameinamia redio ya mtu pale kibandani kwake Kikatiti alipoona viatu vyeusi vya kike vimesimama mbele ya meza. Akainua macho. Alikuwa Aikande, binti wa marehemu Philemoni, kanga begani, begi la laptop amelikumbatia kama mtoto mwenye homa.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, mama. Poleni."

"Tumeshapoa."

Miaka minne tangu Fanuel arudi kutoka huko alikokuwa, hakuna mtoto wa Philemoni aliyewahi kukanyaga kibandani pale. Kuitwa baba mkubwa kulimfanya afute benchi kwa mkono wa shati, ingawa benchi lilikuwa safi.

"Haiingizi chaji," Aikande alisema akiiweka laptop mezani. "Juzi jioni ilisema imebaki asilimia tatu, ikazima. Tangu hapo kimya. Na wasifu wa baba umo humu. Kesho saa sita unasomwa."

"Hukuuweka mahali pengine?"

"Sikuuweka."

"Si uandike upya tu."

"Nikiandika upya yatakuwa maneno yangu. Yale ni ya baba, alinitajia mwenyewe."

Fanuel akaigeuzageuza. "Kuna fundi mwingine ameigusa?"

"Wa Sombetini, jirani na ninapokaa. Alisema chaji imekufa, akaniuzia hii mpya. Haikusaidia. Akasema basi nimwachie mpaka Jumatatu."

"Jumatatu. Kwani marehemu atasubiri?"

Aikande nusura acheke, kisha akakumbuka yuko msibani.

Cheti cha ufundi Fanuel hakuwa nacho. Shule aliiachia darasa la tano kule Nkoaranga, mengine yote aliyaokota njiani: umeme wa magari Tunduma, redio Mbeya, simu Kahama. Kila mji alijifunza nusu ya kitu, akaondoka kabla ya nusu ya pili. Lakini kutafuta ubovu alikujua, kwa sababu ubovu hautaki haraka, na haraka alishaimaliza ujanani.

Alichomeka chaji peke yake ukutani. Taa yake ndogo ya kijani ikawaka. Akagusisha nchani nyaya za mita, mita ikasoma volti kumi na tisa na kitu.

"Hii nzima. Na ile ya kwanza, taa yake ilikuwa inawaka?"

"Ilikuwa inawaka."

"Basi na ile nayo nzima. Amekuuzia usichohitaji."

Akaichomeka kwenye laptop. Taa ya kijani ikazimika palepale. Akachomoa, ikakaa kidogo, ikarudi. Akachomeka, ikazimika.

"Umeona hapo? Chaji inajifunga yenyewe isiungue. Kuna kitu ndani kinavuta umeme wote."

Akatoa bisibisi, akafungua skrubu moja moja na kuzipanga kwenye kifuniko cha kopo la rangi ya viatu. Mfuniko wa chini ulipobanduka, betri ilionekana imevimba kama andazi, imeisukuma plastiki mpaka imepinda. Fanuel akachomoa waya wake, akainyanyua kwa vidole viwili na kuiweka mbali, juu ya tofali. Akachomeka chaji tena. Safari hii taa ikabaki. Akabonyeza pa kuwashia, feni ikanguruma, kioo kikang'aa.

Aikande alishusha pumzi kama aliyetua ndoo.

"Ni betri," Fanuel alisema, na kwa kuwa alikuwa amefurahi akaendelea kusema. "Imeoza ndani. Kitu kikishaoza hivi kinakunywa cha wenzake wote. Unakitoa, wenzake wanaendelea na kazi kama hakikuwahi kuwepo. Ila usichomoe huu waya, itazima."

Binti alimtazama, kisha akatazama barabarani. Akaingiza neno lake la siri, akaufungua wasifu kuhakikisha upo, akavuka kwenda duka la ng'ambo kutafuta flashi.

Fanuel akabaki na kioo mbele yake. Akavaa miwani.

*Marehemu Philemoni alizaliwa Nkoaranga mwaka 1957, akiwa mtoto wa kwanza katika familia ya watoto watano. Ndugu zake ni Anande, Susana, Paskalina na Irine.*

Akasoma tena, kidole kikifuata mstari. Mtoto wa kwanza alikuwa yeye Fanuel, wa mwaka 1954. Yeye ndiye aliyembeba Philemoni mgongoni kuteremka ule mteremko wa hospitali siku alipokanyaga jembe, damu ikimchuruzikia miguuni mpaka watu wakadhani aliyeumia ni yeye. Akahesabu kwa vidole, jinsi mtoto anavyohesabu. Watano. Walikuwa sita.

Shemeji, aliwaza. Mama Elihuruma hajawahi kunipenda.

Aikande aliporudi na flashi, alimkuta ameshavua miwani.

"Mama yako ndiye aliyesema watano?"

Binti hakujifanya haelewi. Kwa hilo Fanuel alimshukuru baadaye.

"Hapana, baba mkubwa. Ni baba. Mwezi wa nne, wodini. Yeye anataja, mimi naandika. Nikamwuliza, na baba mkubwa Fanuel je? Akasema andika watano. Nikamwuliza mara ya pili. Akasema mtoto wa kwanza ndiye anayemwagia baba yake udongo wa kwanza, na udongo wa kwanza wa babu aliumwaga yeye."

Fanuel akaigeuzageuza miwani mkononi. Baba yao alikufa mwaka 1988, yeye akiwa utingo wa lori la Zambia. Walimtumia telegramu Tunduma, wakauchelewesha mwili siku mbili wakimsubiri. Nyumbani waliamini telegramu ilichelewa, naye aliporudi miezi saba baadaye na redio ya zawadi, aliwaacha waamini hivyo. Telegramu ilimfikia siku ileile. Alikuwa ameisoma, akaikunja, akapanda lori kwenda Lusaka, kwa sababu watamzika tu, awepo asiwepo. Dereva wa lori lile alikuja kumsimulia Philemoni, miaka mingi baadaye, kama hadithi ya kuchekesha.

Na Philemoni hakugomba. Mwaka juzi alikuja hapa kibandani na redio ileile ya zawadi, imekufa. Alikaa kwenye benchi hili hili, wakaongea habari za mvua na kahawa na ugonjwa wa migomba. Redio ilipopona aliitia kwapani, akasema, "Asante, fundi." Fanuel alicheka. Alidhani ni utani wa ndugu. Tangu siku ile alikuwa akisubiri aje tena.

"Wewe unasemaje?" alimwuliza binti.

"Mimi ni mwandishi tu, baba mkubwa." Akachezea flashi mkononi. "Naenda pale nje nimpigie kaka Elihuruma, maana yeye ndiye atakayesoma. Nitaongea kama dakika tano. Nikirudi nachapisha kitakachokuwemo."

Akatoka, akasimama kando ya barabara na simu sikioni, mgongo ameugeuzia kibanda.

Fanuel akarudisha miwani. Alichukua muda kuipata herufi F. Aliandika kwa kidole kimoja, mbele ya jina la Anande, *Fanuel*, akaweka mkato. Maneno "mtoto wa kwanza" aliyatazama, akayaacha. Kuhusu udongo hakuwa na ubishi. Alitaka tu kuwamo, popote, hata katikati, lakini kidole kilikuwa kimeshamweka mbele na hakujua vizuri namna ya kuhamisha. Akaona Aikande anageuka. Akaondoa mkono kwenye mashine kama aliyeungua.

Jumamosi, Nkoaranga, maturubai yalifungwa kati ya migomba na kahawa ya Philemoni. Fanuel alikaa benchi la tatu kutoka nyuma, koti lake la pekee limefungwa vifungo vyote, pembeni ya mwanamume mmoja mnene asiyemfahamu. Elihuruma, mtoto mkubwa wa marehemu, alisimama na karatasi.

"Marehemu baba yetu Philemoni alizaliwa hapa Nkoaranga mwaka 1957, akiwa mtoto wa kwanza katika familia ya watoto watano. Ndugu zake ni..."

Akanyamaza.

Haikuwa muda mrefu, pumzi moja tu. Midomo yake ilicheza kidogo, ukaona anahesabu. Akamtazama mama yake. Mama Elihuruma hakuinua kichwa, alikuwa anatazama jeneza.

"Ni Anande, Susana, Paskalina na Irine," Elihuruma alisema, akaendelea na habari za kipaimara.

Hakuna aliyegeuka. Aikande alikuwa ameinamia vidole vya miguu yake. Watano, Fanuel alijiambia. Nilisahau kubadilisha watano. Ningeandika sita, kijana angepitiliza bila kufikiri. Akalishika wazo hilo kwa nguvu, na akiwa amelishika hivyo hivyo alijua fika kwamba shida haikuwa hesabu.

Kaburini walianza kuita. Mama, watoto, wadogo wa marehemu, wakwe, wazee wa kanisa. Fanuel alisubiri mpaka waliposema majirani na marafiki. Safari hii angalau alikuwapo. Aliingia kwenye mstari nyuma ya mwenyekiti wa kitongoji, akachota udongo wake kwa mkono, kama wa themanini hivi tangu wa kwanza, akaumwaga. Kulikuwa na tope tayari, haukutoa hata sauti.

Waliporudi kukaa, Elihuruma akafunua karatasi ya pili, ya shukrani. Akawashukuru madaktari na wauguzi, wachungaji, kwaya, wenye maturubai, akina mama waliopika. Akafika chini kabisa.

"Na tunamshukuru fundi Fanuel wa Kikatiti, aliyeitengeneza kompyuta jana. Bila yeye, wasifu wa baba usingesomwa leo."

Hapo hakusita hata kidogo. Fanuel akamtafuta Aikande kwa macho, akamwona anamtazama, na usoni mwake binti alikuwa na matumaini, kama mtu aliyekuletea kitu kidogo na anaomba ukipokee. Fanuel akaitikia kwa kichwa kwamba amepokea.

Yule mwanamume mnene akamgeukia.

"Kumbe ndiye wewe fundi."

"Ndiye mimi."

"Mimi mzee wangu nina simu, haiingizi chaji wiki ya pili sasa. Nimeshahangaika nayo."

Fanuel alikuwa anatoa udongo kwenye kucha, taratibu, kucha moja baada ya nyingine.

"Umejaribu waya mwingine?" aliuliza.