Masikio ya Gebhard Häfele

Gebhard Häfele alifumba macho, akalaza viganja juu ya mapaja, akatulia kama mtu anayesubiri kung'olewa jino. Chini yake gari lilikuwa likipita juu ya mawe. Mawe hayo yamepangwa kwa makusudi yawe mabaya, mengine yamejitokeza, mengine yamedidimia, ndani ya jengo refu lisilo na dirisha, na kazi yake ni moja tu: kulitikisa kila gari jipya mpaka liseme linachoficha.

Gari halikusema kitu.

Yaani, Gebhard hakusikia kitu. Na mambo hayo mawili, ambayo maisha yake yote yalikuwa jambo moja, yalikuwa yametengana tangu majira ya baridi.

"Rudia," alisema.

Nurettin, dereva wake, aligeuza gari bila neno. Ndiyo sheria ya jengo la mawe: dereva hana masikio. Anaendesha, anafunga mdomo. Anayesikia ni msikilizaji peke yake. Mzee Hollwanger wa kwanza, mwanzilishi wa kiwanda, alikuwa msubu, mtu wa kuyeyusha shaba na kutengeneza kengele za makanisa, kabla hajajua gari ni mnyama gani, na kila kengele ilipotoka kwenye kalibu ya udongo aliwafukuza watu wote, akabaki na mtu mmoja tu wa kuigonga. Mgongaji akithubutu kusema "imelia vizuri" alikuwa anatafuta kazi kwingine kesho yake. Watu wawili wakisikiliza, alisema mzee, kila mmoja husikia anachotaka kusikia mwenzake. Alipohamia kwenye magari akahama na tabia yake, na wanawe wakairithi pamoja na pua.

Ndiyo maana magari ya Hollwanger yana sifa yanayojulikana nayo. Si ya mbio. Sura yake ni ya karani aliyevaa suti ya harusi. Lakini ni kimya. Huko Swabia, kusini mwa Ujerumani, wanataniana kwamba mume na mke wakinunua Hollwanger, ndipo wanapogundua namna mwenzao anavyotafuna. Na sasa kwa kuwa limekuja gari la umeme, lisilo na injini ya kufunika makosa, kimya chenyewe kimekuwa kikubwa mpaka kinatisha. Kitu kidogo kikilia humo ndani, ni kama mtu anayepiga chafya msibani.

Mawe yakapita tena. Gebhard alisikia yale mazito: mngurumo wa matairi, pumzi ya viti, tumbo lake mwenyewe. Hayo bado alikuwa nayo. Kilichomtoka ni vile vilio vyembamba. Vilimtoka polepole, bila kuaga. Kiangazi kilichopita alimwambia mkewe Irmgard kwamba mwaka huu mbayuwayu hawakuja kwenye mnara wa kanisa. Irmgard aliinua kichwa kutoka kwenye viazi, akamtazama, akatazama juu, akasema, "Wewe, wanapiga kelele juu ya kichwa chako hapo." Gebhard alicheka, akasema alikuwa anatania. Usiku ule hakulala vizuri.

Daktari wa kiwanda alipompima masikio, Gebhard alifaulu. Daktari yule alikuwa mtu mwema mwenye nyusi nene, na kila alipobonyeza kitufe cha sauti, nyusi zilipanda kidogo. Gebhard alisikiliza nyusi.

Alifumbua macho ghafla, akamkuta Nurettin anamtazama kwenye kioo. Nurettin akahamisha macho mara moja, kama mtu aliyefumaniwa.

Gebhard alishuka, akatoa chaki mfukoni, akachora kengele ndogo pembeni mwa kioo cha mbele. Ndiyo ruhusa ya kutoka. Wala hili halikuwa gari lolote tu. Lilikuwa la kijani kilichokolea, na lilikuwa la binti yake, Rike. Desturi ni kwamba gari la ndugu yako unalisikiliza mwenyewe; wenzake walikuwa wamemtania wiki nzima, wakamwambia asije akalia yeye kabla ya gari.

Kwenye kantini Nurettin aliagiza mkate wake uliosokotwa fundo, wenye siagi na punje za chumvi juu, akauinamia kimya. Kimya hicho kilimtisha Gebhard kuliko yale macho ya kwenye kioo. Nurettin huyu hutania mpaka mashine ya kahawa. Kila asubuhi lazima aulize, "Mzee wangu, ukistaafu masikio hayo utaniachia mimi au utayapeleka makumbusho?"

"Vipi," alisema Gebhard, "mama mkwe wako amefika, ndiyo umenuna?"

"Hajafika."

"Basi yuko njiani."

Nurettin hakucheka. Alichuma punje za chumvi kwenye mkate, moja moja, akazipanga mezani.

"Sema," alisema Gebhard.

"Dereva hana masikio."

"Hapa ni kantini, si kwenye mawe. Sema."

"Gurudumu la mbele, kulia." Nurettin alishusha sauti. "Linalia, mzee. Sauti nyembamba, kali, inaingia kwenye fizi. Nadhani beringi imekaa upande. Nilidhani unanipima, uone kama nitavunja sheria. Ulipoteremka nikajua sasa utalirudisha ndani. Halafu ukachora kengele."

Gebhard alishika kikombe kwa mikono miwili. Beringi, ile pete ya chuma gurudumu linalozungukia, ikikaa upande hailii tu. Inalia, inapata moto, halafu siku moja barabarani, mtu akiwa kwenye kasi, inashika na gurudumu linagoma kuzunguka. Wala haichagui siku.

"Lililia mara zote mbili?"

"Mara ya pili zaidi."

Nje ya dirisha la kantini watu wa zamu walipita wakicheka na kofia zao kwapani. Gebhard aliwaona midomo.

"Sikiliza," alisema Nurettin, kisha akaona alichosema, akajikwaa. "Yaani… hakuna haja ya kelele. Mpigie mama Kächele kule wanakokabidhi. Mwambie umesahau glovu zako chini ya kiti. Nitalirudisha mimi, nitabadilisha ile beringi, dakika chache tu. Rike atakunywa kahawa yake. Hakuna atakayejua. Umebakiza kidogo ustaafu, mzee. Kwa nini uondoke kwa mlango wa nyuma?"

Ilikuwa njia nzuri. Ilikuwa nzuri mno, na Gebhard alijiona tayari anaipitia, ameinamia kiti, ameinua glovu juu, watu wanacheka. Ndipo swali jingine likamfikia, likaketi kati yao kama mtu wa tatu.

"Na mengine?"

Nurettin alitazama punje zake za chumvi.

"Nurettin. Yale magari mengine, tangu baridi."

"Mengine sijui."

"Hujui, au dereva hana masikio?"

"Kuna machache…" Kijana huyo mwenye mabega ya bondia alikuwa amenywea kama mtoto aliyevunja sahani. "Kuna machache nilidhani mimi ndiye nimechoka. Wewe ni Häfele, mzee. Baba yako alikuwa msikilizaji. Mimi nani, nikuambie umekosea?"

Gebhard alisimama.

Kutoka kantini mpaka jengo la kukabidhia magari ni uwanja mmoja tu, lakini siku ile uwanja ulirefuka. Alijaribu kuyakumbuka magari. La kijivu la mwalimu. Jeupe lililokwenda mji wa Ulm. Yote yalikuwa na kengele ya chaki, ya mkono wake, na yote yalikuwa barabarani sasa hivi, yamebeba watu wanaosifu kimya. Alipiga hatua haraka, halafu akajikuta anazipunguza. Mguu mmoja ulitaka kufika, mwingine haukutaka.

Ndani ya ukumbi watu walikuwa wamevaa vizuri. Kwa Hollwanger mteja halisubiri gari nyumbani. Analifuata kiwandani kama mtu anayekwenda kuchukua bibi harusi, anakula, anapigwa picha, kisha anagonga kengele ya shaba kwa nyundo ya mti. Kengele ikilia, milango mikubwa inafunguka na gari linatoka. Tangu mzee wa kwanza, hakuna gari lililowahi kuzuiwa baada ya kengele.

Bibi Kächele, mwenye kitambaa cha hariri shingoni, alikuwa katikati ya kusimulia historia ya kiwanda. Anaisimulia kila siku na bado hushtuka palepale pa kushtukia. Alieleza tanuri la kwanza, kengele ya kwanza, gari la kwanza lililomtisha farasi wa meya. Alipofika miaka ya vita vya pili vya dunia aliiruka kwa wepesi, kama mtu arukaye dimbwi na viatu vipya, akatua upande wa pili kwenye gari dogo la familia lililopendwa na wote. Bibi yake Gebhard, aliyeiona miaka ile, alikuwa na habari za lile dimbwi: wasichana walioletwa kwa nguvu, kwa treni kutoka mashariki, wafanye kazi bila ujira, wakalala kwenye mabanda nyuma ya tanuri, na asubuhi nyingine mmoja hakuamka. Alimwambia mara moja tu, jikoni, na mlango umefungwa. Mjini hawakuyazungumza. Kimya cha Hollwanger hakikuwa cha magari peke yake.

"Baba!" Rike alikuwa tayari kwenye kengele, nyundo mkono wa kulia, mwanawe Ottilie amemkalia kiunoni. "Nilijua utakuja. Mikono mitupu lakini! Hata ua moja? Na mbona umepauka hivyo, kama maziwa yaliyoganda?"

Watu wakacheka. Bibi Kächele naye akacheka, akatazama saa.

"Weka nyundo, mama," alisema Gebhard.

"Nini?"

"Usigonge kwanza."

"Bwana Häfele," alisema Bibi Kächele, akitabasamu kwa meno ya chini na ya juu, "tuna ratiba."

"Ni kwamba nimesahau…" Neno glovu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Lilikuwa jepesi, la kuteleza, lingetoka lenyewe. Lakini nyuma ya gari la kijani lilisimama la buluu, na kando yake mzee mmoja na mkewe, wamevaa viatu vya kupandia milima, wameshikana mikono na kikapu cha chakula miguuni. Kwenye kioo cha gari lao kulikuwa na kengele ya chaki. Nyuma yao la fedha. Kengele. Nyuma yake jingine.

Mke wa yule mzee akampungia mkono, kwa kuwa alimwona anawatazama.

"Sisikii," alisema Gebhard.

"Husikii nini, baba?" Rike bado alikuwa anatabasamu, anasubiri utani ufike mwisho.

"Sauti nyembamba. Sizisikii tena. Gari lako linalia gurudumu la mbele, na mimi ndiye niliyelipitisha." Sauti yake mwenyewe aliisikia; hiyo ilikuwa nzito vya kutosha. "Na haya hapa pia nimeyapitisha mimi. Na yaliyokwisha kuondoka. Tangu baridi. Yaitwe yote yarudi."

Tabasamu la Bibi Kächele lilibaki pale pale limesahauliwa usoni. Mzee wa viatu vya milimani aliuachia mkono wa mkewe, akarudi nyuma hatua moja kutoka kwenye gari lake. Rike aliishusha nyundo taratibu sana, akaiweka sakafuni, kama kitu kinachoweza kulipuka.

"Mama anajua?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mama anajua habari za mbayuwayu."

Akaitwa Bwana Wiedmaier, mkuu wa ukaguzi. Aliteremka na koti amelivaa mkono mmoja. Hakugomba, na hilo Gebhard aliliogopa zaidi. Alisema tu, "Linyanyueni hapa hapa," kisha akamtazama Nurettin aliyekuwa amesimama mlangoni akihema. "Wewe. Ulikuwa dereva?"

"Nilikuwa dereva."

"Na hukusema."

"Sheria, bwana."

Wiedmaier aliuingiza mkono wa pili kwenye koti. Alikuwa amefanya kazi Hollwanger tangu ujana wake, na sheria hiyo aliifundisha yeye mwenyewe.

Nurettin alileta jeki, akapiga magoti, akalinyanyua gari upande wa kulia. Kisha akashika tairi kwa mikono miwili na kulizungusha kwa nguvu.

Kwa mazoea ya miaka yote, Gebhard alifumba macho, akainamisha kichwa. Giza. Pumzi zake mwenyewe. Akayafumbua.

Aliona bega la Bibi Kächele limepanda mpaka karibu na sikio. Wiedmaier alikuwa amekunja jicho moja, kama mtu aliyeng'ata limau. Rike aliuma mdomo wa chini, wala hakuwa anatazama gurudumu. Alikuwa anamtazama baba yake. Nurettin alitazama sakafu.

Ottilie ndiye aliyeonyesha wazi. Alikuwa ananyonya ngumi yake, akaacha. Ngumi ilibaki hewani, inameta mate, na kichwa chake kidogo kikageuka, kikatafuta, kikapata. Macho yalimtoka. Alikuwa hajaamua kama jambo hili ni la kuchekea au la kulilia.

Gurudumu liliendelea kuzunguka, jeusi, zuri, limesafishwa. Hakuna mtu aliyesogea. Gebhard alisogea hatua moja karibu na mjukuu wake, akamkazia macho usoni, ili ajue ni wakati gani ile sauti itakoma.