Rangi Hadi Ndani ya Gunzi

Habari hii nilipewa na Benigna, mkaza mwana wa Saturnina, tulipokuwa tunapukuchua mahindi mwaka ule mto ulipobomoa daraja la chini. Alisimulia macho yakiwa kwenye punje, nami sikumkatiza.

Alfajiri moja Saturnina alivunja hindi katikati, akalipeleka mlangoni pa kibanda penye mwanga. Punje zilikuwa nyeusi tayari, zinang'aa, lakini moyo wa gunzi ulikuwa bado mweupe kama mfupa.

"Bado?" Hilario, mumewe, aliuliza kutoka chini ya mablanketi.

"Bado. Limevaa koti, shati halijavaa."

"Kama mimi siku ya harusi yetu." Akataka kucheka, kikohozi kikamdaka.

Hilario ndiye aliyekuwa mlinzi wa mahindi msimu ule. Mlinzi hukaa na pembe yake kwenye kibanda cha mawe, juu kabisa ya matuta ya mlimani, afukuze kasuku na mbweha, afukize moshi mvua ya mawe ikitishia. Akishuka, basi, ndiyo ruhusa ya kuvuna. Watu hawangoji tena. Na pembe ni ya aliyepewa, mkewe hawezi kubaki nayo huko juu alinde badala yake.

Mahindi yetu haya ya zambarau yana ukaidi. Panda mbegu hiyohiyo bondeni kwenye joto, itanenepa vizuri, halafu ukiichemsha upate maji ya kusuuzia beseni. Huku juu jua linababua mchana, usiku baridi inauma, na hindi likiteswa hivyo ndipo linapoweka rangi: kwanza ganda, kisha punje, gunzi mwisho. Mwaka uliotangulia kifua kilimshinda Hilario, akashuka mapema. Siku ya Wafu kinywaji cha mahindi hayo kikatoka rangi ya waridi badala ya cheusi, na watu wakawamwagia marehemu wao huku wameinamisha nyuso. Mkutano ukasema: akirudia, tuta lake apewe mwingine. Hawakuwa na tuta jingine.

Adhuhuri Melchor, mdogo wake Hilario, alipanda na supu ya viazi. Alimtazama kaka yake, akamvuta Saturnina nje.

"Shemeji, mtu huyu anapumua kama mfuko uliotoboka. Nilete nyumbu?"

"Mwaka jana si ninyi mliomcheka? Wewe mwenyewe ulisema ameuza rangi kwa kitanda cha moto."

"Nilikuwa nimelewa."

"Na mkutano nao ulikuwa umelewa?"

Melchor akakuna shingo. Ndani Hilario akaita, sauti nyembamba, "Saturnina, tushuke basi. Miguu siisikii."

Akaingia, akamsugua miguu kwa viganja muda mrefu. "Baridi kali inakuja leo, mume wangu. Mbingu imetakata. Tuivumilie hii, tushuke na sifa."

Hakuomba tena. Melchor aliambiwa alete nyumbu asubuhi.

Baridi ikaja kweli. Maji yaliganda ndani ya chungu. Saturnina alimfunika kwa kila walichokuwa nacho, hata magunia, hata sketi zake, akamlalia mgongoni, na kila alipohisi mwili ule unatetemeka alijiambia kwamba na gunzi linatetemeka hivyo hivyo.

Kulipopambazuka alitoka akavunja hindi. Jeusi. Akavunja la pili, la tuta la tatu, hata la mbali kule ukingoni: jeusi hadi katikati, linaacha wino kidoleni. Akarudi mbio kama msichana.

Hilario alilishika kwa mikono miwili, akaligeuza taratibu.

"Sasa limevaa shati," akasema.

Melchor alifika, wakampandisha juu ya nyumbu wakiwa wamemfunga kwa shuka. Njiani jua lilikuwa zuri. Saturnina alitangulia, akipiga pembe kwa niaba yake, na watu walitoka majumbani na visu vyao vya kumenyea. Walipofika kwenye kijito Melchor akasimamisha nyumbu. "Shemeji," akasema. "Shemeji, acha kupiga."

Walivuna hivyo hivyo, maana jalidi, baridi ile ya kugandisha, haingoji matanga. Siku ya tano, nguo za marehemu zilipofuliwa mtoni kama ilivyo desturi, kilipikwa kinywaji cha mahindi yale, na hakuna aliyekumbuka kuona cheusi kuliko hicho. Mwenye fimbo ya kijiji, mkuu wa mkutano, akainua kikombe. "Tuta ni lenu, mama. Hilario ametuachia rangi."

"Rangi ni ya baridi," Saturnina akajibu. Kikombe chake akampa Benigna bila kukionja.

Melchor alimbembeleza alale kwake, akakataa. Akapanda hadi kibandani, ingawa hapakuwa na cha kulinda tena, mabua matupu tu yakipiga kelele. Akatandika ngozi za kondoo. Akajilaza upande wa mlangoni, unakoingia upepo, akaacha nafasi kule ukutani, akaivutia blanketi nafasi ile mpaka ikafunikwa vizuri. Usingizi ukamchukua miguu yake ikiwa nje ya blanketi.