Rangi Chini ya Bolti

Merle Arendse alizungusha ufunguo kwa mara ya tisa asubuhi ile, na kigari kikamjibu kama kilivyomjibu mara nane za kwanza: tak. Kisha kimya.

"Kimekufyonya tena, shemeji," alisema Clive, mdogo wa mumewe Denzil, akiwa ameegemea trela alilolipaki langoni tangu kifungua kinywa.

Trela lilikuwa na haki ya kuwapo. Denzil mwenyewe ndiye aliyetamka, siku moja alipochoka, kwamba kigari kisipowaka kufikia saa sita mchana Jumamosi hii, Clive akichukue. Merle hakulikubali neno hilo. Tangu kiharusi kimpooze Denzil mkono wa kulia, kigari hiki walichokiunga wenyewe, bodi ya fibaglasi juu ya chesisi ya gari kuukuu, ndicho pekee kilichomtoa kitandani. Kikiondoka, hakujua angemwamsha kwa kitu gani.

"Mwache achukue, Merle," Denzil alisema kutoka kwenye kiti cha jikoni kilichowekwa uani. "Stata mpya. Betri mpya. Unatafuta nini tena?"

"Saa sita haijafika."

Alikuwa ameshona viti vya magari kiwandani kwa miaka mingi, na cherehani ilipogoma hakuipiga. Aliufuata uzi kutoka kwenye kibiringo hadi kwenye sindano, na kila mara aliukuta umekwama mahali. Jana alikuwa ameufuata umeme hivyo hivyo, kutoka kwenye betri hadi kwenye stata. Njia ya umeme kurudi kwenye betri hakuigusa.

"Clive, simama mbele uzitazame taa. Nikipiga stata, zinafifia?"

Tak.

"Wala. Zinanikodolea tu kama mama mkwe."

Kumbe. Kama stata ingekuwa inakunywa umeme, taa zingefifia. Merle alichukua waya mnene wa kuazima moto kwenye betri ya gari jingine, akabana ncha moja kwenye upande hasi wa betri na nyingine kwenye chuma cha giaboksi, akarudi kwenye ufunguo. Stata ilikoroma, injini ikazunguka. Alizima, akautoa waya, akajaribu tena. Tak.

Clive aliacha kuegemea trela.

Nyuma ya kigari injini ilikuwa wazi, hivyo Merle alipiga magoti tu, akaufungua waya wa ethi, ule wa kurudishia umeme kwenye betri, unaotoka kwenye giaboksi kwenda kwenye chesisi. Bolti ilikuwa imekazwa barabara. Chini yake palikuwa na rangi nyeusi inayong'aa kama sahani, na rangi haipitishi umeme.

"Denzil, hapa chini ya bolti ulipaka rangi?"

"Mikono mitatu ya rangi. Kwangu mimi chuma hakionekani, unajua."

"Na kiwandani? Miaka thelathini na moja ya kupaka rangi, mahali pa ethi mlipafanyaje?"

"Kina mama wa tepu walipafunika," Denzil alisema polepole. "Gari lilinifikia limeshafunikwa. Sikuwahi kuuliza yale matepu ni ya nini."

"Kaka," Clive alisema, "umeipaka rangi stata yako mpaka ikakosa pumzi."

"Nyamaza wewe. Gari lako limeoza milango."

Ilikuwa saa tano na dakika arubaini. Merle angeweza kupakwangua mwenyewe kwa dakika moja. Badala yake alikata kipande cha msasa, akakileta kitini.

"Rangi ni yako. Njoo."

"Mkono huu wa kushoto haujui kazi."

"Utajifunza leo."

Clive alikunjua boksi kuukuu chini, wakamkalisha kando ya gurudumu la nyuma. Merle alimzungushia msasa kwenye kidole. Msasa uliteleza, ukaanguka. Akaufunga tena, safari hii kwa uzi. Denzil alisugua akiwa ameuma mdomo. Rangi aliyoipaka kwa wiki nzima kabla ya kiharusi ilitoka ikiwa vumbi jeusi, mpaka duara la chuma cheupe, dogo kama kifungo cha koti, likajitokeza.

"Bado pembeni," Merle alisema.

Akasugua pembeni.

Saa sita kasoro dakika nne, waya ulikuwa umerudi na bolti imekazwa. Merle alizungusha ufunguo. Stata ilikoroma, injini ikashika, ikatulia katika mlio wake.

Denzil, angali ameketi juu ya boksi, alimtazama mdogo wake.

"Clive, ondoa trela lako. Umetuzibia lango."