Njiwa Aliyeshiba

Njiwa wa ukurasa wa kumi na moja alichorwa mnene, tumbo limemtuna kama kibuyu, jicho moja amelifumba kwa raha. Chini yake palikuwa na shairi la mistari mitano, na chini ya shairi palikuwa na swali. Yaning alisoma mstari wa kwanza, mkono uliokuwa ukiwagawia watoto vitabu ukabaki hewani.

*Njiwa wa kichakani,*
*mpunga u shambani,*
*nawe hushuki chini.*
*Nani yu kiotani*
*asoitika ndani?*

*Swali: Kwa nini njiwa hashuki? (a) Anaogopa. (b) Ameshiba. (c) Anasubiri mvua.*

"Mwalimu Yaning!" Danilo, mwalimu mwenzake aliyetoka pwani, alikuwa amekalia katoni tupu akipekua kitabu cha mwongozo. "Njoo uone, kumbe wewe ni mtu maarufu! 'Shairi hili la kufukuzia ndege lilikusanywa milimani Mindoro na Profesa Remedios Alcaraz kutoka kwa Msichana Y., mwenye umri wa miaka tisa.' Y. si wewe huyo? Utatununulia nini?"

"Y. wapo wengi," alisema Yaning, akaendelea kugawa vitabu.

Lakini Y. wa kitabuni alikuwa mmoja tu, na moyo wake ulikuwa ukienda mbio.

Miaka ishirini na mitano nyuma, Remedios Alcaraz alipanda mlimani akiwa kijana mwembamba mwenye daftari na viatu visivyofaa kwa matope. Alitaka kujua watoto wa Kihanunoo, wenyeji wa milima ya kisiwa kile cha Mindoro, wanajifunzaje mashairi ya kwao, ambahan, bila shule wala mwalimu. Akampata Yaning. Miezi minane waliandamana mashambani, mtoto mbele, msomi nyuma. Yaning alimwonyesha kwamba kila mmea una shairi lake: ukipita kwenye mzambarau unaimba la mgeni aliyechelewa, ukikata rattani unaimba la wapenzi waliotengana. Alimwonyesha jinsi ya kuchonga herufi kwenye mwanzi kwa ncha ya kisu. Jioni Remedios alikuwa akimchana nywele, akimwita "rafiki yangu". Hakuna mtu mzima aliyewahi kumwita mtoto yule rafiki.

Shairi la njiwa halikuwa la njiani. Bibi yake Yaning aliliimba mwaka mara moja, akiwa peke yake kwenye kona ya shamba ambako mwanawe wa kwanza alifukiwa, mtoto aliyekufa kwa homa, aliyeitwa mara tatu bila kuitika. Yaning alilisikia kwa kuwa watoto husikia. Bibi alimkamata mkono, akamwambia, "Hili lisitoke kwenye shamba hili."

Likatoka. Siku moja Remedios alikaa juu ya gogo, akasema kwa huzuni kwamba karibu ataondoka na bado hajapewa shairi ambalo watu hawampi kila mgeni. "Nipe moja tu, rafiki yangu. Sitaliandika. Litakuwa letu sisi wawili." Yaning akalisema kwa kunong'ona. Alipoulizwa maana yake, hofu ikamshika, akajibu jambo la kwanza lililomjia.

"Njiwa ameshiba."

Usiku ule alikwenda kuungama kwa bibi huku machozi yakimtiririka. Bibi alitafuna tambuu yake kwa muda, kisha akauliza, "Na maana, ulimpa?"

"Nilimwambia ameshiba."

Bibi akacheka hadi tambuu ikamtoka. "Ameshiba! Haya basi, futa machozi. Amebeba kapu, chakula kimebaki hapa."

Bibi alikufa akiamini hivyo.

Wiki mbili baada ya vitabu kufika, walimu wa milimani waliitwa mjini pwani kufundishwa namna ya kuvitumia. Mgeni wa heshima alikuwa Profesa mwenyewe. Nywele zilikuwa zimekuwa nyeupe, lakini alimtambua Yaning kabla hajafika mstari wa tatu wa viti, akamkumbatia mbele ya watu wote.

"Rafiki yangu! Mwangalieni huyu! Huyu ndiye aliyenifundisha!"

Watu wakapiga makofi. Yaning aliona haya kwamba kwa nukta moja makofi yale yalimfurahisha.

Wakati wa chai Yaning alimfuata kwenye kibaraza, kitabu mkononi.

"Profesa, ulisema hutaliandika."

Profesa aliangalia ukurasa, kisha akaangalia kikombe chake. Hakujifanya hakumbuki, hilo Yaning alimhesabia baadaye kama heshima pekee aliyopewa siku hiyo.

"Nilikuwa na miaka ishirini na sita," alisema. "Nilikuwa na shahada ya kumaliza, na watu walionicheka kwamba nimekwenda kukaa porini na watoto. Lile shairi lilikuwa zuri kuliko yote. Lingepotea, Yaning."

"Lisingepotea. Ninalo."

"Wewe unalo. Na hawa watoto wa shule, je?"

"Hawa watoto umewapa ndege mwenye kitambi."

Profesa alimkazia macho. Sauti yake ilipotoka haikuwa tena ya mgeni wa heshima. "Nilikuuliza maana yake. Nikaandika ulichonijibu, neno kwa neno. Leo naona usoni mwako kwamba hukuniambia kweli. Sasa niambie, kati yetu sisi wawili, nani alimdanganya mwenzake kwanza?"

"Nilikuwa na miaka tisa."

"Najua. Nimeiandika."

Yaning alitaka kusema mengi. Alitaka kumwambia kwamba mtoto hudanganya ili kufunga mlango aliokwisha kuuacha wazi. Alitaka pia kumuuliza kama zile jioni za kuchanwa nywele ziliandikwa mahali, zikapewa namba. Ila Profesa aliwahi yeye.

"Basi nieleze sasa. Toleo lijalo tutasahihisha." Na mkono wake ukaingia kwenye mkoba, wenyewe, bila kuambiwa, kutafuta kalamu.

Yaning aliutazama ule mkono. Akaweka kikombe chake ukingoni mwa kibaraza, akaaga kwa adabu kama alivyolelewa, akapanda gari la kwanza la kurudi milimani. Njia nzima hakulia. Kilichomuuma hakikuwa hasira kwa yule mama tu. Alijiona naye amesimama pale kando ya gogo, mdogo, akinong'ona kile alichokatazwa, kwa sababu ameitwa rafiki.

Mtihani wa wilaya ulifanyika mwezi uliofuata, na swali la njiwa lilikuwamo. Majibu sahihi yaliletwa katika bahasha. Yaning alikaa kwenye benchi nje ya darasa, akisahihisha. Kwenye kila karatasi (b), na kwenye kila (b) alilazimika kuweka vema. Uongo wake wa utotoni, karatasi thelathini na moja, wino mwekundu.

Binti yake Sinay alimjia akiwa na vumbi la michezo.

"Mama, nimepata la njiwa?"

"Hapa mimi ni Mwalimu."

"Mwalimu, nimepata la njiwa?"

"Umepata."

Mtoto alirukaruka kidogo, kisha akasita. Alikunja uso, akaukuna mguu mmoja kwa mwingine.

"Lakini Mwalimu, kama ameshiba, mbona anaulizwa habari za yule wa kiotani? Na mbona yule haitiki?"

Kalamu ya Yaning ikasimama juu ya karatasi.

"Wewe unaonaje?"

"Sijui." Sinay aliinua mabega. "Hilo halikuwa na a wala b."

Yaning aliziweka karatasi chini. Akasogea kwenye benchi, polepole, hadi ikapatikana nafasi ya mtu mmoja kando yake.