Kikombe kwa Mkono wa Kushoto

"Kata!" Philip, mwongozaji wa filamu, alipaza sauti kwa mara ya nane, na mzee Anverali akatamani sakafu immeze.

Lo, mkono huu! Kazi yenyewe ilikuwa ndogo tu: mtumishi, London ya enzi za Malkia Victoria, anampa bibi mwenye nyumba chai yenye sumu. Kwa kushoto. Ushoto huo ndio utakaomnasisha kwa mpelelezi. Kitabu walichokuwa wakikiigiza kilisema hivyo, na Philip alikuwa ameapa habadilishi hata nukta. Lakini kila Anverali alipomfikia yule bibi, mwigizaji mwenye mvi zake za kweli, kikombe kilihamia kulia chenyewe. Miaka sabini na moja, tangu Tanga hadi mtaa wa Flemingdon Park huku ughaibuni, hajampa mtu mzima kitu kwa kushoto. Aanze leo?

"Mara ya mwisho, Bwana Anverali," Philip alisema. "Saa kumi tunairudisha nyumba hii ya kukodi. Ukishindwa, nafasi yako anapewa mwingine."

Waumini wenzake wote wa jamatkhana walishaambiwa ataonekana kwenye filamu. Ataificha wapi sura yake?

Akamtazama binti yake, Tazmin, aliyemleta kwa gari. Alikuwa nyuma ya kamera akijaza fumbo la gazeti, kwa kulia, herufi zimepindapinda. Tazmin alipokuwa na miaka sita, Anverali alimfunga mkono wa kushoto kwa leso mwaka mzima ili aache kuutumia.

"Uso wangu mmeshaupiga picha," Anverali akamwambia Philip. "Hapa unaonekana mkono tu, tena una glavu. Basi mvalisheni binti yangu."

"Mimi, Baba?"

"Si wewe ndiye mashoto?"

Wakamvalisha koti na glavu nyeupe. Kamera ikawaka. Tazmin akainua kikombe kwa kushoto, akamsogelea bibi. Imebaki hatua moja, akasita. Mkono wa kulia ukaanza kupanda. Akamgeukia baba yake kwa macho ya mtoto anayesubiri kukemewa.

Masikini mwanangu, nilimfanya nini?

"Mpe, mama," akasema, wala hakujali vinasa sauti. "Mkono wako hauna kosa. Mwenye kosa ni mimi."

Kikombe kikafika, hakikumwagika hata tone. Philip akasema imepatikana, sauti ya mzee wataiondoa.

Tazmin akavua glavu ya kulia, akairudisha. Ya kushoto aliondoka nayo.